BLPOP haikai nyumba moja na wenzake

Wadogo zangu mliokuja fildi hapa Mbeya, Redis, ghala la data linalokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, mnaijua, na Node (JavaScript ya upande wa seva) mnaandika haraka kuliko mnavyosoma. Kabla hamjagusa ioredis, maktaba ya Node ya kuongea na Redis, kwenye mfumo wa tiketi za mabasi, tulieni kidogo.

1. Usisahau `await`. Bila hiyo `GET`, amri ya kusoma, inakupa ahadi tupu (Promise) badala ya jibu, na `if` huiona ahadi ni kweli siku zote. Basi zima litaonekana limejaa.

2. BLPOP, amri ya kutoa kitu cha kwanza kwenye foleni na kusubiri kama foleni ni tupu, usiiweke kwenye koneksheni ya wote. Hili kila kundi la fildi linakuja nalo. Mtu akisikia maktaba haizuii (non-blocking), anaamini hakuna kinachoweza kukwama. Kisichokwama ni mzunguko wa Node (event loop) tu. Koneksheni yenyewe ni soketi moja, na majibu ya Redis hayana namba ya ombi: yanarudi kwa mpangilio amri zilivyoingia, kama ndoo kwenye bomba la mtaa. Ukiandika `BLPOP foleni:tiketi 0`, hiyo sifuri ni kusubiri bila kikomo. Foleni ikiwa tupu, kila amri iliyotumwa nyuma yake inasimama, iwe GET ya nauli au SET ya siti. Na kama RPUSH ya kuijaza foleni inapita soketi hiyo hiyo, ndiyo basi tena: anayesubiriwa kafungiwa nyuma ya anayemsubiri.

Wala hutaona kosa kwenye logi. Mchana tiketi za Dar zinamiminika, foleni haikauki, kila kitu kinapita. Usiku abiria wakipungua, ukurasa unaganda. Kijana anafungua `redis-cli`, anapiga PING, anapata PONG papo hapo, kwa sababu hiyo ni koneksheni nyingine, halafu anailaumu mvua na mtandao. Mvua ya Mbeya ina makosa yake, hili si lake! Piga `CLIENT LIST`, orodha ya koneksheni zote; ukiona `flags=b` (imekwama ikisubiri) na `cmd=blpop`, mwizi ndiye huyo. Tengeneza koneksheni ya pili kwa `redis.duplicate()`, BLPOP ikae humo peke yake, na pa sifuri weka sekunde 5 kisha urudie, ili programu izimike bila kulazimishwa. `commandTimeout` ya humo, yaani muda ambao ioredis inasubiri jibu kabla ya kukata tamaa, izidi hizo sekunde 5.

SUBSCRIBE, ya kusikiliza ujumbe, nayo ipewe koneksheni yake. WATCH, inayolinda funguo zisibadilishwe kabla ya EXEC kutekeleza muamala wako, pia: EXEC ya ombi jingine kwenye koneksheni hiyo inaufuta ulinzi wako kimya kimya.

3. `KEYS *`, ya kuorodhesha funguo zote kwa mkupuo, hapana. Redis hutekeleza amri moja baada ya nyingine, kwa hiyo async yako haisaidii kitu. Tumia SCAN, inayozipitia kidogo kidogo.

4. Siti ishikiliwe kwa `SET siti:14 wakala7 NX EX 300`: NX ni kuandika tu kama haijashikwa, EX 300 ni kuiachia baada ya sekunde 300. GET kisha SET ni `await` mbili, na katikati yake wakala wa Uyole ameshaiuza.

5. Redis ikianguka, ioredis hulimbikiza amri kwenye kumbukumbu, na `maxRetriesPerRequest`, idadi ya majaribio kabla ya kukata tamaa, isipoguswa ni 20. Abiria aliyesimama dirishani Nane Nane hana subira hiyo. Weka 2 au 3, umwambie mapema kwamba imeshindikana.