Je, Barafu Huyazuia Mafuta Yaliyomwagika Baharini?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Binti yangu wa Gredi ya 7 ameniuliza jambo nikakosa la kumjibu: meli ikimwaga mafuta kwenye bahari iliyoganda, je, barafu haiyazuii yasisambae? Na yakishanaswa humo, si yanaweza kuchimbuliwa tu na kuondolewa? Baba Neema, Umoja, Nairobi.

JIBU: Baba Neema, katika swali la kwanza binti yako amekisia sawasawa. Barafu inapofunika zaidi ya takribani asilimia 60 hadi 70 ya maji, vipande vyake husongamana na kuyabana mafuta, yakabaki tabaka nene mahali padogo, ilhali kwenye maji ya wazi yangetandaa upesi na kuwa utando mwembamba. Lakini barafu hiyo hiyo huwafungia njia wasafishaji: vizuizi vinavyoelea, ambavyo huburutwa na mashua ili kuyakusanya mafuta, hujaa vipande vya barafu na kuchanika, na mitambo ya kuengua huziba. Penye barafu ya kiasi ndipo penye taabu zaidi, kwa kuwa huwa imezidi kwa vizuizi na bado haitoshi kuyashika mafuta.

Baridi nayo huyabadilisha mafuta yenyewe. Sisi wa Nairobi huliona jambo hili kila Julai, pale chupa ya mafuta ya nazi iliyotoka Mombasa ikiwa majimaji inapokutwa asubuhi imeganda jikoni, kijiko kikakataa kuzama. Aina nyingi za mafuta ghafi huwa nzito vivyo hivyo, zikasumbua pampu.

Kuhusu kuchimbua, hilo huwezekana pale barafu iliposhikamana na ufuo na kuwa nene kiasi cha kubeba mashine. Kwingineko barafu husafiri. Mafuta yakiingia chini yake wakati wa baridi kali, barafu mpya huota chini yao na kuyafungia ndani katika muda wa siku chache, kisha yakachukuliwa mbali na pale yalipomwagika, hadi majira ya joto yanapofika nayo yakapanda juu kupitia vijishimo vilivyoachwa na maji ya chumvi. Kuyapata kabla ya hapo ni kazi ya kutoboa barafu shimo kwa shimo, ingawa huko Svalbard, Norway, hata mbwa waliofunzwa kunusa wamejaribiwa.

Njia inayotegemewa sana ni kuyachoma papo hapo. Mafuta hayashiki moto mpaka yawe na unene wa milimita 2 au 3 hivi, na barafu husaidia kuuhifadhi unene huo. Baridi nayo huchelewesha sehemu nyepesi za mafuta, zile zinazoshika moto kwa urahisi, kugeuka mvuke. Hata hivyo, moshi mweusi hutanda na masalia mazito hubaki. Muda nao haungoji. Mnamo Machi 1989 meli ya Exxon Valdez, iliyoacha njia yake huko Alaska ili kukwepa barafu, iligonga mwamba na kumwaga takribani lita milioni 40. Jaribio la kuchoma lilifaulu siku ya pili, kisha dhoruba ikayachanganya mafuta na maji, yasiweze kuwaka tena.

Mwaka 2013, huko Kiruna, Sweden, nchi 8 za Aktiki, yaani eneo la kaskazini kabisa mwa dunia, zilitia saini mkataba wa kusaidiana katika ajali kama hizi. Tangu Julai 1, 2024, meli zimepigwa marufuku kutumia mafuta mazito kuendeshea injini katika Bahari ya Aktiki, ila baadhi zimeruhusiwa kuendelea hadi 2029. Kwangu mimi muda huo ni mrefu mno, kwa sababu mafuta hayo ndiyo yanayokaa muda mrefu zaidi majini na ndiyo magumu zaidi kuyaengua.