Jibu: Vidonge vya damu anameza, mbona bado kizunguzungu?

Salaam aleikum dadangu wa Malindi. Umesema mke wa kaka yako ana Hb 9 (yaani kipimo cha wingi wa damu, yake iko chini), kapewa vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu, amemeza mwezi mzima na bado anaona kizunguzungu, moyo wamdunda akipanda ngazi na sasa anatamani udongo. Mimi si daktari ila nimemuuguza binti yangu na hali hiyohiyo.

Kwanza angalia anameza na nini. Kama ni chai ya rangi na mahamri asubuhi basi hapo ndipo, chai inazuia chuma kuingia mwilini, na maziwa pia, amezee maji yenye ndimu au chungwa na chai aiweke mbali na kidonge kwa muda wa kama masaa mawili hivi. Binti yangu tulibadilisha hilo tu na akaanza kupata nguvu.

Pili muulize hedhi yake taratibu bila kumtia haya, wanawake wetu wanavuja damu siku nyingi na wanadhani ni kawaida. Kama inavuja kuliko inavyoingia vidonge havitafua dafu.

Halafu apimwe choo kwa minyoo ya safura, apimwe malaria, na huku pwani lazima waangalie sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, maana huo chuma peke yake hakiutibu. Aulizie pia kipimo cha feritini, kinaonyesha akiba ya chuma.

Hb ikipanda asiache vidonge, kwa kawaida anaendelea miezi 3 hivi. Lakini akihema hata amekaa, au kama ni mjamzito, mpeleke hospitali leo usingoje.