Nahodha Aliyeshikwa na Kisunzi Nchi Kavu

SWALI

Daktari, assalaam alaikum. Mume wangu ni nahodha wa mashua ya abiria kati ya Mokowe na Lamu. Wiki tatu zilizopita, mara tu baada ya mafua, aliamka alfajiri akaona chumba kizima kinazunguka. Akashikilia ubao wa kitanda kwa mikono miwili na kutapika hadi adhuhuri. Alipimwa malaria na presha, hakupatikana na kitu, kisha tukaambiwa kwamba neva ya sikio la ndani imevimba, tukapewa vidonge vya kuzuia kisunzi. Kuzunguka kumekwisha, lakini bado anayumba, na kila akirukuu huhisi kama yumo chomboni, kwa hiyo anaswali ameketi. Mimi namsihi alale tu, na vidonge nampa kila siku. Je, sikio laweza kumwangusha mtu hivi, ilhali halimuumi na adhana anaisikia vizuri? Atarudi baharini?

Mama wa Langoni, Lamu

JIBU

Waalaikum salaam, mama. Hilo la adhana umefanya vyema kulitaja, kwa sababu linasaidia kuutambua ugonjwa wenyewe. Sikio la ndani lina kazi mbili, kusikia na kulinda mizani ya mwili, na kila kazi ina neva yake. Neva hizo mbili hupita pamoja katika njia moja ya mfupa kuelekea kwenye ubongo, lakini moja yaweza kuvimba na nyingine ikabaki salama. Kama usikivu wake ungepungua, au sikio lingekuwa linavuma, tungeshuku kwamba uvimbe umeingia ndani ya sikio lenyewe, na ingebidi apimwe usikivu bila kukawia.

Hata mtu anapokaa kimya, masikio yote mawili hupeleka habari kwa kiwango kilicho sawa, na ubongo ukajua kwamba kichwa kimetulia. Neva ya upande mmoja ikivimba, habari zake hufifia huku za upande wa pili zikiendelea kama kawaida, na ubongo huelewa kwamba kichwa kinazunguka. Mumeo anajua kinachotokea kasia la upande mmoja likiachwa na la pili likaendelea kuvutwa: chombo huzunguka. Mara nyingi hushukiwa kwamba chanzo ni virusi, na ndiyo sababu ugonjwa huu hupenda kufuata mafua; dawa za kuua bakteria hazina kazi hapa.

Sasa naomba unisikilize kwa makini juu ya vidonge na kulala. Vidonge vya kuzuia kisunzi na kutapika vina faida kubwa katika siku mbili tatu za mwanzo, lakini vikiendelea kwa wiki nzima huuchelewesha ubongo, ambao unapaswa kujifunza upya kusawazisha mwili kwa neva moja iliyo nzima na nyingine iliyo dhaifu. Najua unampa kwa mapenzi, lakini muone daktari aliyemwandikia ili aviondoe, na mumeo umwache ainuke. Aketi mbele ya kalenda ya ukutani, akazie macho tarehe moja, huku akigeuza kichwa kushoto na kulia kwa dakika moja, mara kadhaa kwa siku. Akizoea, afanye hivyo amesimama, kisha atembee vichochoroni jioni akiwa na mtu kando yake. Kisunzi kidogo kinachotulia baada ya dakika chache kisikutishe, kwa maana ndicho kinachoufundisha ubongo. Vilevile arudi kwenye rukuu na sijda polepole, mkono ukiwa ukutani. Kuinama na kuinuka huko ni zoezi zuri kwake.

Akija kupata kisunzi cha sekunde chache tu kila anapojigeuza kitandani, hiyo ni hali nyingine, ambapo chembe ndogo za sikio la ndani huhama mahali pake, na hutibiwa kwa daktari kukigeuza kichwa kwa utaratibu maalumu. Lakini kisunzi kikiambatana na kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, uso kupinda, mkono au mguu kulegea, maumivu makali ya kichwa yanayoanza ghafla, au kushindwa kabisa kusimama, chukulieni kuwa ni kiharusi na mwende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Kuhusu bahari, wengi hupona vizuri katika muda wa wiki kadhaa, wengine miezi michache, na ni nadra ugonjwa huu kurudi. Kwa sasa asishike usukani, asipande mlingoti wala kuogelea peke yake, kwa sababu gizani na majini macho hayawezi kuisaidia mizani. Akiweza kutembea uani usiku taa zikiwa zimezimwa, na akigeuka ghafla anapoitwa asiyumbe, na daktari wake akaridhika, basi avuke kwenda Mokowe mara kadhaa kama abiria kabla ya kuushika usukani tena.