Barua kwa mwanangu: mvua sio yako, betri ni yako

Mwanangu, mama,

Voice yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza sikuambulia kitu maana ulikuwa unalia na nyuma kuna bodaboda wanapiga honi, ya pili ndo nimekupata. Yani Jumamosi ulikuwa na kazi ya kupiga picha za harusi, kanisani saa nane, ufukweni saa kumi, ukumbini saa moja usiku, afu mvua ikaamka na nyie, saluni umeme ukakatika nywele za bibi harusi zikiwa nusu, barabara ikajaa maji, mmetoka kanisani saa kumi na mbili kasoro robo na ufukweni mmefika saa kumi na mbili na dakika arobaini giza linaingia, mara flashi nayo betri ikaisha ikazima. Sasa maharusi wanataka nusu ya hela, na we unaniuliza baba nirudishe? na wewe enzi zako mambo yakiharibika ulikuwa unafanyaje?

Naanza na hela maana najua ndo inakunyima usingizi. Mvua sio yako, foleni sio yako, umeme wa saluni sio wako. Ila betri ni yako mama, na hapo sikutetei hata kama mi ni baba yako. Nimeona kwenye voice umeipitisha harakaharaka, "na betri nayo ikaisha", kama vile nayo ilinyesha kutoka mawinguni. Nusu usirudishe, kanisani ulifanya kazi na ukumbini ulifanya kazi. Wapigie, usiwatumie meseji, piga simu uongee na bwana harusi na bibi harusi wote wawili, uwaambie betri lilikuwa kosa langu, naomba siku moja wiki hii tutoke tena ufukweni nami nitalipia gauni. Maana hilo gauni kama ni la kukodi lilisharudi dukani Jumatatu, na mekap nayo haipakwi bure, hizo gharama mbili beba wewe. Itakuuma mfukoni lakini haifiki nusu. Wakikataa bas, hapo mtaongea habari ya kupunguziana kidogo.

Sasa enzi zangu. We hujazaliwa, ni 1998 mwanzoni, zile mvua za El Nino, nimepata oda ya harusi Kigamboni. Daraja hakuna, limekuja kufunguliwa 2016, kipindi kile ni pantoni tu labda uzunguke huko mbali kabisa. Nina mikanda mitatu ya picha 36, hesabu mwenyewe, ni picha 108 kwa harusi nzima na kila ukibonyeza unasikia hela inatoka. Tumefika Magogoni foleni ya magari haisogei, bibi harusi na matroni wakashuka wakavuka kwa miguu, kapandisha gauni mpaka magotini, viatu kashika mkononi, matroni anamfunika mwavuli huku yeye mwenyewe analowana. Na mi nimekaa ndani ya gari nimekumbatia begi nisilowe, nimewaangalia hivohivo mpaka wakapotea kwenye watu. Sikupiga hata moja. Kwa nini? Kwasababu kwenye karatasi yangu picha zilikuwa zinaanzia ufukweni!

Bas nikavuka baadaye nikawakuta, mvua imekata ila bahari ya kijivu kama bati la zamani. Nikawaambia subirini kidogo jua litatoka. Tumesubiri dakika arobaini mama, watu wamesimama kwenye mchanga wenye maji, watoto wanalia njaa. Kwenye gari kulikuwa na bibi yake bibi harusi, yule mama ndo kamlea toka mdogo, miguu inamsumbua, akatuma mtu mara mbili kuuliza picha saa ngapi nami nikajibu waambie bado. Akachoka, wakamrudisha nyumbani. Jua halikutoka. Nikapiga kijivu hichohicho ambacho ningeweza kukipiga toka nilipofika.

Wiki mbili baadaye nimesafisha picha, albamu nimeipanga vizuri, bibi harusi kaja studio. Akafungua moja moja mpaka mwisho, akarudi mwanzo akafungua tena, pole pole, afu akaifunga akaweka kiganja juu yake. Akaniuliza, "Bibi yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Jumapili yake nikabeba mkanda mmoja nikaenda kwa yule bibi Mbagala kwa nauli yangu, nikamkuta anachagua mchele, nikawapiga wawili kwenye mkeka, bibi harusi kavaa kitenge. Sikuwadai kitu. Niliwahi kupita kwao miaka mingi baadaye, ukutani ipo hiyo ya mkeka, zile za bahari sikuziona.

Ndo maana nakuambia kosa lako kubwa hata sio betri. Saa kumi jioni bado uko kanisani, mvua inapiga, wewe mwenyewe ulikuwa unajua ufukweni hakuna kitu. Aprili Dar jua linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, na kwetu jioni haikai, dakika ishirini na kitu ushaanza kutafuta tochi. Lakini ukanyamaza ukaomba Mungu, ukawaburuza watu wote kwenye foleni kufuata bahari ambayo haionekani. Ungemshika msimamizi pembeni ukamwambia ufukweni tumeukosa, tunapiga hapahapa kwenye varanda ya kanisa. Mwanga wa mawingu chini ya varanda ni mzuri kuliko huo wa saa kumi unaoulilia, hakuna anayekunja macho, gauni jeupe haliungui kwa mwanga mkali, unaanza na wazee waliokaa halafu wazazi halafu ndo hao marafiki wenye kelele. Nusu saa umemaliza. Watu wanakubali mpango ukibadilika mama, wasichopenda ni kuambiwa wakiwa tayari wamelowa.

Na hata pale gizani ulikuwa na magari. Ungepanga mawili, moja liwamulike kwa mbele kwa upande kidogo, jingine kwa nyuma, mtu akashika shuka jeupe au hata kitambaa cha meza kurudisha mwanga usoni, ISO, yani kamera inavyokamata mwanga, ukapandisha mpaka 3200, spidi ya kupiga usishuke chini ya 1/100 ya sekunde maana maharusi wanacheka wanatikisika. Punje zitaonekana kwenye picha, ziache zionekane.

Halafu uliniambia lenzi ilishika ukungu uliposhuka kwenye gari. Hiyo ni AC. Kamera imekaa kwenye baridi saa nzima halafu unaitoa kwenye joto la Dar lenye unyevu, lazima itoke jasho, na ukifuta na khanga ndo unaikwaruza. Mwambie dereva azime AC mapema ufungue kioo, au uiache ndani ya begi imefungwa kama nusu saa izoee. Ya mvua, sisi tulikuwa tunatoboa rambo tunaivalisha kamera, nyie mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, tafuta zile kofia za plastiki za kuogea wanazogawa hotelini, ina lastiki yake inabana vizuri kabisa. Mama yako anazo tatu kazificha, sijui za safari gani.

Kuna kitu umekitaja kwenye voice kwa sekunde mbili tu ukapita nami nimerudisha nyuma kukisikiliza. Umesema umeme ulipokatika saluni wale wasichana waliwasha tochi za simu wote wakamzunguka bibi harusi, msusi akaendelea kusuka, na mama yake akawa anampepea kwa bahasha ya mchango. Na kwamba ulipiga "vitatu vinne hivi vya kupotezea muda".

Hivo vitatu vinne nitumie leo kabla hujawapigia simu. Usiviguse rangi, usikate pembeni, tuma kama vilivyo. Na kwenye meseji niandikie flashi yako inatumia betri za aina gani, kesho napita Kariakoo nitakuchukulia seti mbili na chaja, hela utanirudishia ukilipwa.

Baba yako