Kuteremka mto wenye kona nyingi: nani atangulie?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kundi la watu wanane tunaokusudia kuteremka mto kwa kayaki kwa siku moja. Watatu ni wazoefu, na waliobaki tumejifunzia ziwani tu. Mto unapindapinda sana, na kwenye ramani safari yetu ni kilomita 12 kwa mstari ulionyooka. Wazoefu wanataka watangulie wote watatu ili watufungulie njia. Je, mpango huo unafaa, na tutatumia muda gani?

JIBU: Ndugu msomaji, mpango huo haufai. Katika mto ulionyooka kiongozi akigeuza shingo huwaona wenzake wote, lakini penye kona hata aliye karibu nyuma yako hufichwa na ukingo, na akipinduka hutajua mpaka umngoje asitokee. Mzoefu mmoja atangulie, wa pili afunge msafara, na wa tatu akae katikati pamoja na wanaojifunza. Mtu asimpite wa kwanza wala asibaki nyuma ya wa mwisho. Zaidi ya hayo, kila mmoja awe na dhamana ya anayemfuata: kabla ya kuingia kwenye kona amtazame, na asipomwona asogee kwenye maji yaliyotulia amsubiri. Kundi linaloshika sharti hili moja nina imani nalo kuliko kundi lenye mabingwa wanaokimbizana.

Sababu ya kusisitiza kona ni hii. Maji yakifika hapo husukumwa kwenye ukingo wa nje, ambako huenda kasi, huchimba kina na kula udongo, ilhali upande wa ndani hupunguza mwendo na kuacha mchanga. Udongo wa nje ukiisha kuliwa, miti huangukia mtoni, na hapo ndipo penye hatari ya kweli, kwa kuwa maji hupenya kati ya matawi lakini mtu na kayaki yake hawapenyi. Mkondo wenyewe humvuta mgeni upande huohuo. Basi aelekeze pua ya kayaki upande wa ndani mapema, kabla hajaona kilichopo mbele, na apige kafi kwa nguvu badala ya kuacha maji yamchukue. Akizidisha atakwama mchangani, jambo ambalo ni usumbufu tu. Na kama kayaki imebanwa ubavu kwenye gogo, aegemee gogo lenyewe. Akijivuta upande wa pili kwa hofu, maji yatapanda juu ya kayaki na kuipindua.

Kubalianeni ishara mkiwa bado nchi kavu. Kafi lililoinuliwa wima huashiria kwamba njia ni salama, na lililoshikwa mlalo juu ya kichwa humwamuru mtu asimame. Kwa kuwa kafi halionekani nyuma ya kona, kila mtu awe na filimbi, na milio mitatu iwe ya dharura.

Kuhusu muda, msiziamini hizo kilomita 12. Mto huhesabiwa kuwa wa mipindo unapofikia urefu wa mara 1.5 ya mstari ulionyooka au zaidi, kwa hiyo kadirieni kilomita 18 kwa uchache. Lazeni uzi juu ya ramani kwa kufuata kila kona, kisha mwunyooshe kwenye kipimo chake. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, hizo ni saa nne na nusu za kupiga kafi bila mapumziko, ondokeni asubuhi.

SWALI: Nikitumbukia penye mkondo wa kasi, nisimame au niogelee?

JIBU: Usisimame, kwani mguu ukinaswa kati ya mawe maji yatakulaza kifudifudi. Lala chali, miguu ikitangulia na vidole vikiwa juu ya maji, huku ukijisogeza kwa mikono kuelekea ukingo wa ndani, wala usikae kamwe kati ya kayaki na kizuizi kilicho mbele. Ukiona huwezi kuukwepa mti ulioanguka, geuka, ogelea kwa nguvu kichwa kikitangulia, kisha upande juu ya shina. Haya yote yanahitaji jaketi la kuokolea lililofungwa barabara: kabla ya kuondoka, mwenzako alivute juu mabegani, na likifika masikioni, kaza mikanda yote upya.