Uniti za gesti zinaishia bafuni

Nina gesti ya vyumba 14 Mbeya mjini. Nimeweka taa za LED kila mahali, lakini LUKU bado inakimbia. Kwa nini?

Kwa sababu umehangaika na taa ukasahau bafu. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 15 hadi 60 kunakula uniti 5 na ushee. Kwa umeme huo, taa ya wati 9 ingewaka zaidi ya saa 500. Weka sola ya maji moto. Msije mkaniambia Mbeya ni baridi: Juni na Julai asubuhi meno yanagongana, ikifika saa nne jua ni kali na anga jeupe. Paneli ielekee kaskazini, maana miezi hiyo jua liko huko. Mafundi wengi hufuata tu mteremko wa bati. Mabomba ya moto yanayopita nje yavalishwe sponji. Na usishushe joto la tangi chini ya nyuzi 60 ukidhani unabana matumizi. Maji ya vuguvugu hufuga bakteria wanaoshambulia mapafu.

Kiyoyozi kipi hakili umeme sana? Niko Iringa.

Fungua dirisha.

Hita gani nzuri?

Kila wiki lazima lije hili, bila idadi ya vyumba wala idadi ya wageni. Sijibu.

Wageni wa Hifadhi ya Ruaha wanaolala hotelini kwetu wanatuuliza habari za hewa ukaa. Usiku tunawasha jenereta, na jikoni tunatumia mkaa. Tuwaambie nini?

Ukweli. Umeme wa gridi siku hizi sehemu kubwa ni wa maji, hasa baada ya bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Moshi wenu uko kwenye jenereta na jikoni. Kila lita ya dizeli inatoa kilo 2.7 hivi za hewa ukaa, nanyi mnaunguruma usiku kucha kwa ajili ya friji moja na taa sita! Kubandika karatasi ya "tumia taulo mara mbili" huku magunia ya mkaa yamejaa stoo ni kuwafanya wageni watoto. Serikali inalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mwenye hoteli asingoje kusukumwa.

Njombe baridi imezidi. Nikiwapa wageni jiko la mkaa chumbani, si nitaokoa umeme?

Utazika mtu. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala haistukii. Nunua mablanketi mazito. Kama majiko umeshayagawa, yatoe leo kabla hawajalala.