Maswali yenu kuhusu Mdororo Mkuu, na lile toroli la pesa

Makala ya mwezi uliopita kuhusu Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930, yaani ule uchumi wa dunia ulipoporomoka, imeleta maswali mengi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua machache. Mengine yanafanana kiasi kwamba nimejibu moja kwa niaba ya wote.

Mwalimu, kuanguka kwa soko la hisa la New York Oktoba 1929 ndiko kulikoleta mdororo, sivyo? (Dodoma)

Sivyo. Wamarekani wenye hisa walikuwa wachache. Soko lilitia hofu, lakini waliogeuza hofu kuwa janga ni wenye benki na wenye mamlaka. Desemba 1930 benki moja ya New York iitwayo Bank of United States (jina kubwa, kumbe ya watu binafsi) ilifunga milango, na wateja wapatao 400,000 wakabaki nje. Hapakuwa na bima ya amana ya taifa (ya kuwarudishia wateja akiba benki ikifa), kwa hiyo watu wa miji mingine nao wakakimbilia kutoa akiba zao, na hata benki zilizokuwa imara zikaanza kuanguka. Hadi 1933 zilikuwa zimekufa benki karibu 9,000. Na Benki Kuu yao? Oktoba 1931, watu wakiwa hawana kazi, ilipandisha riba kutoka asilimia 1.5 hadi 3.5 ili kulinda dhahabu iliyokuwa dhamana ya dola. Dhahabu ililindwa. Mwaka 1933 karibu robo ya nguvu kazi ya Marekani haikuwa na ajira.

Ni kweli matajiri walijirusha madirishani siku ile? (wengi mno)

Hadithi. Watu waliojiua waliongezeka baadaye, kilele kikiwa 1932, na wengi hawakuwahi kuigusa hisa. Naomba lisirudi tena swali hili.

Kama bei zilishuka, si ilikuwa nafuu kwa mwananchi wa kawaida? (Mombasa)

Hapa ndipo ninapogombana na watu kila mwaka. Bei zikishuka kwa sababu mavuno ni mazuri, sawa, shangilia. Zikishuka kwa sababu hakuna mwenye pesa, ujue mshahara wako uko njiani kushuka nao. Kisichoshuka ni deni. Mkulima wa Marekani aliyeuza ngano karibu dola moja kwa busheli mwaka 1929 alipata chini ya senti 40 mwaka 1932, lakini rehani ya shamba ilibaki na tarakimu zilezile. Ili alipe deni lilelile ilimpasa auze mara mbili na nusu, na kila jirani akifanya hivyo bei inazidi kuporomoka. Huko Iowa, jimbo la Marekani, wakulima walijazana kwenye minada ya mashamba yaliyouzwa kwa deni, wakataja dau la senti tu, kisha wakamrudishia mwenyewe mali yake. Mgeni aliyetaka kupandisha dau alitazamwa kwa jicho ambalo lilimtosha.

Msidhani ni mambo ya ng'ambo. Bei ya mkonge wa Tanganyika ilianguka chini ya nusu, mashamba ya Tanga yakakata ujira wa manamba (vibarua wa mkataba) na wengine wakarudishwa makwao. Kodi ya serikali ya kikoloni haikusubiri bei ipande. Mtu aliyeuza mfuko mmoja wa mazao kulipa kodi sasa alitakiwa kuuza miwili, na serikali ikahimiza watu walime zaidi! Kwa hiyo unayekopa leo ukitegemea bei ya korosho au ya parachichi, hesabu kwanza utalipaje bei ikiwa nusu.

Wajerumani walibeba noti kwa toroli wakati wa mdororo? (Kigoma, Nairobi, Muscat)

Hapana, hapana, hapana. Toroli ni la 1923, pesa yao ilipopoteza thamani, miaka sita kabla. Wakati wa mdororo Ujerumani ilikuwa na tatizo la kinyume: bei zikishuka na pesa hazionekani. Kansela Brüning, mkuu wa serikali yao, akiogopa toroli lilelile, alikata mishahara na posho huku akipandisha kodi. Mapema 1932 wasio na kazi walifika milioni 6. Chama cha Hitler, kilichopata asilimia 2.6 ya kura mwaka 1928, kilipata 37.3 Julai 1932. Mnaolitumia toroli kutetea kubana matumizi nyakati mbaya, mmeshika mwaka usio wenu.

Familia ziliathirikaje? (Zanzibar)

Huko Marekani ndoa ziliahirishwa, watoto wakazaliwa wachache, vijana wakadandia treni za mizigo kutafuta vibarua. Waliofukuzwa kwanza ni waliokuwa na sauti ndogo: Wamarekani weusi, na wanawake walioolewa. Sheria ya 1932 ilisema mume na mke wakiwa wote wameajiriwa na serikali kuu, mmoja wao atangulie kupunguzwa kazini. Unaweza kukisia ni yupi aliyeondoka mara nyingi. Maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Mexico walisukumwa kuvuka mpaka, wengi wao raia wa Marekani kwa kuzaliwa.

Nimeona video: mdororo ndio wakati wa kutajirika. (Mwanza)

Ndiyo, kama ulikuwa tajiri tayari.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoumaliza mdororo? (Arusha)

Ilimaliza ukosefu wa kazi Marekani. Nafuu ilianza mapema: Uingereza ilipoacha kuifunga pesa yake kwa dhahabu Septemba 1931, Marekani 1933. Ufaransa iling'ang'ania hadi 1936 na ikaumia kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1937 Washington ilikata matumizi mapema mno, uchumi ukaanguka upya.

Nitoe pesa zangu benki? (Mbeya)

Kwa nini? Tanzania kuna Bodi ya Bima ya Amana, Kenya wana shirika lao. Ulizia kikomo cha fidia na ulinganishe na ulichoweka. Ila SACCOS yako na upatu wa mtaani havimo kwenye bima hiyo, na najua ndiko ulikoweka nyingi.